Meli Ndogo Ikitia Nanga Kilwa, Nachingwea na Ruangwa Zinapata Nini?

Ukimwambia mtu wa Nachingwea kwamba makala hii inahusu meli za kitalii, atakuuliza hiyo meli inapita mto gani. Ana haki ya kuuliza. Kutoka Nachingwea hadi maji ya chumvi ya Lindi ni zaidi ya kilomita 100, na Ruangwa nayo iko bara vilevile: nchi ya korosho, ufuta na mbaazi, na siku hizi habari za kinywe. Sisi tunafuatilia mnada wa Runali, hatufuatilii kupwa na kujaa kwa maji.

Hata hivyo naomba tulisome somo hili taratibu, wanachuo wenzangu, hasa ninyi wa utalii, akiolojia, historia, jiolojia, uchumi na lugha. Biashara ya meli ndogo za msafara imeshafika mkoani Lindi kupitia Kilwa. Meli inatia nanga, wageni wanashuka, wanapiga picha magofu, wanaondoka kabla jua halijazama. Halafu tunasoma kwenye habari kwamba utalii wa Kusini umefunguka. Umefunguka kwa nani? Hilo ndilo swali la makala hii, na haliwezi kujibiwa na mtu asiyejua meli hiyo inavyofanya kazi. Kwa hiyo tuanze na meli yenyewe.

Meli ya msafara si hoteli inayoelea

Tunaposikia "meli ya kitalii" wengi tunafikiria lile jumba la ghorofa kumi na kitu lenye abiria elfu tatu, mabwawa ya kuogelea na maduka ndani. Hiyo ni aina nyingine kabisa. Ile inahitaji gati refu, kina kikubwa, mabasi mia yanayosubiri, na mji wenye uwezo wa kumeza watu elfu tatu kwa mpigo. Kilwa Masoko haiwezi, na kwa maoni yangu haina sababu ya kutamani.

Meli ya msafara ni ndogo kwa makusudi. Kwa kawaida abiria wake hawafiki mia mbili au wanazidi hapo kidogo. Miaka ya karibuni meli zilizotia nanga Kilwa ni pamoja na za kampuni ya Ponant ya Ufaransa. Chukua Le Bellot kama mfano: urefu wake ni mita 131, ina vyumba 92, na inabeba abiria 184 ikijaa. Sehemu yake iliyo chini ya maji haifiki mita 5. Namba hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoamua meli iingie wapi. Meli yenye kina kidogo inaweza kusogea kwenye hori na visiwa ambavyo jumba la ghorofa kumi litavitazama kwa darubini tu.

Aina hii ya safari ilipewa sura yake na Lars-Eric Lindblad, Msweden aliyehamia Marekani. Mwaka 1966 alipeleka kundi la watalii Antaktika, na mwaka 1969 akazindua meli iliyojengwa mahsusi kwa kazi hiyo, Lindblad Explorer. Wazo lake lilikuwa rahisi: mtalii asiwe mtu wa kulala kwenye kiti cha jua, awe kama mwanafunzi. Ndani ya meli kuwe na wataalamu, jioni kuwe na mhadhara, asubuhi watu washuke kwenda kuona kile walichofundishwa jana. Mtindo huo haujabadilika hadi leo. Ukiingia kwenye meli kama hizi utakuta kiongozi wa msafara, na chini yake timu ya watu wa ndege, watu wa mawe, watu wa historia, watu wa viumbe vya baharini. Mteja analipa pesa nyingi sana, na sehemu kubwa ya anachonunua ni maelezo. Shika hapo, tutarudi.

Kushuka kwenyewe hakutegemei gati. Meli inatia nanga kwenye kina, kisha zinashushwa boti za mpira zenye injini, kila moja ikibeba watu kama kumi. Boti inaweza kufika kwenye ngazi ya jeti, mgeni akashuka na viatu vyake vikavu. Au inagusa mchanga tu, mgeni akaruka maji yakimfika magotini. Pwani yetu nyingi ni ya namna hiyo ya pili.

Bamvua na maji mafu

Hapa watu wa bara tunachapwa, kwa hiyo naenda polepole.

Maji ya bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa takribani dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa kubwa: hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo: maji mafu. Pwani ya Kilwa, wakati wa bamvua, tofauti hiyo inazidi mita 3. Mita tatu ni urefu wa chumba cha hosteli kutoka sakafu hadi dari. Maana yake, pale ambapo boti ilipita saa mbili asubuhi, saa nane mchana panaweza kuwa tope tupu na mizizi ya mikoko.

Songo Mnara ni mfano mzuri. Ni kisiwa chenye mji wa mawe uliostawi karne ya 15, nyumba zake zimekaribiana, na upangaji wake unasomeka vizuri kuliko wa Kilwa Kisiwani. Lakini kukifikia lazima upite kwenye mikoko, na maji yakiwa yamepwa utatembea ndani ya tope hadi ujute. Mvuvi wa pale hahitaji jedwali, anaangalia mwezi. Nahodha wa meli ya kigeni anahitaji jedwali, ramani, na huyo mvuvi.

Tufanye hesabu ya darasani. Namba ni za kwangu, kanuni ndiyo ya kweli. Meli ina wageni 150 na boti 6, kila boti watu 10. Mzunguko mmoja unashusha watu 60, kwa hiyo mizunguko 3 inatosha. Kila mzunguko, kwenda, kushusha na kurudi, uchukue dakika 25. Kushusha wote ni dakika 75, na kuwarudisha ni nyingine 75. Kama maji mazuri yanadumu saa 4 tu, kila mgeni anabaki na saa mbili na nusu hivi za kuwa nchi kavu. Mji ulioishi mamia ya miaka unaonwa kwa saa mbili na nusu! Sasa ongeza upepo. Kusi ikivuma sawasawa, mwezi wa sita na wa saba, bahari inachafuka na boti za mpira zinaruka kama pikipiki kwenye barabara ya vumbi. Kaskazi ni tulivu zaidi. Kwa hiyo hata mwezi wa kuja unachaguliwa na upepo, kama enzi za majahazi.

Kutoka kwenye hesabu hiyo utaona mambo mawili. La kwanza, hatuna haja ya kulilia gati kubwa la watalii Kilwa. Meli hizi zimebuniwa zisihitaji. Jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko liliwekwa mwaka 2023, na hiyo ina kazi yake, ni ya samaki. La pili, idadi ya watu nchi kavu ndiyo ya kuangaliwa. Kule Antaktika, kampuni za meli zilijiwekea utaratibu kwamba watu wasiozidi 100 ndio washuke mahali pamoja kwa wakati mmoja, na meli ya zaidi ya abiria 500 haishushi kabisa. Barafu imewekewa kikomo. Kuta za matumbawe na chokaa za Songo Mnara, ambazo mgeni mmoja akiegemea tu zinadondosha kipande, zinastahili kikomo pia. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Miaka kumi mtu yuko wodini, ukimtoa usimpeleke kwenye mdundiko.

Pesa inashukia wapi

Sasa watu wa uchumi mkae vizuri. Mgeni wa meli ya msafara amelipa kila kitu kabla hajaondoka kwao: chumba, chakula, mvinyo, mhadhara, boti, mara nyingi hata viingilio. Anakula chai ndani ya meli, anashuka, anapanda, anakula mchana ndani ya meli. Hoteli ya Kilwa Masoko haimuoni. Mama ntilie hamuoni. Boti ya mpira ni ya kampuni, kwa hiyo hata mwenye mashua anaweza asimuone. Mhadhiri alikuja naye kutoka Ulaya. Kinachobaki ni viingilio vinavyokwenda kwa mamlaka ya wanyamapori, TAWA, inayosimamia magofu yale, ada za kiserikali, posho ya waongozaji wa hapo, na kilichouzwa kwenye meza za ukili na shanga.

Haya si malalamiko, ni maelezo ya mvujo wa mapato kama tunavyofundishwa mwaka wa pili, ila kitabuni mifano ni ya visiwa vya Karibi. Ninachopinga ni tabia ya kupima mafanikio kwa idadi ya wageni walioshuka. Pima kwa shilingi iliyobaki na kwa nani iliyebaki naye. Meli kumi zinazoacha viingilio tu zinaweza kuwa na faida ndogo kwa kijiji kuliko meli mbili zinazokodi mashua za kijiji, zinazoajiri waongozaji wanane na kununua samaki wa jioni.

Wapo waliolifikiria jambo hili kabla yetu. Kaskazini-magharibi mwa Australia kuna pwani inaitwa Kimberley. Ina miji michache, joto, mito yenye mamba, na maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 10. Meli ndogo za msafara zinapapenda sana. Sehemu ya pwani hiyo ni nchi ya watu wa Wunambal Gaambera, wenyeji wa asili, ambao waliweka kibali chao wenyewe cha wageni kinachoitwa Uunguu. Anayetaka kushuka kwenye maeneo waliyoyafungua analipia kibali hicho, na maeneo mengine hayafunguliwi kabisa kwa sababu ni ya siri au ya ibada. Yaani wenye nchi ndio wanaosema hapa karibu, pale hapana. Linganisha na kwetu, ambapo kijiji kinaambiwa siku mbili kabla kwamba kuna ugeni, wapange ngoma.

Kwa kuwa tumeitaja Australia, niingize kitu kidogo kinachonifurahisha. Mwaka 1944 askari mmoja aliyekuwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, aliokota sarafu mchangani. Zilipokuja kutambuliwa miaka mingi baadaye, tano zilikuwa za Kilwa. Zilifikaje huko bado wataalamu wanabishana. Sarafu nyingine ya Kilwa, ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyejenga Husuni Kubwa, ilipatikana Great Zimbabwe, na hiyo haina ubishi mkubwa maana dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa Kilwa. Pwani hii ilikuwa na misafara kabla ya neno hilo kuuzwa Paris.

Hadithi inayokatikia ufukweni

Hapa ndipo Nachingwea na Ruangwa zinapoingia, na ndipo ninapokasirika kidogo.

Mhadhara wa kawaida kuhusu Kilwa unakwenda hivi: Waswahili, Waarabu, Ibn Battuta alipita 1331, Wareno wakaiteka 1505, magofu, mwisho. Ni kweli yote. Lakini ni historia ya ukingo wa maji. Kila kilichoipa pwani hii uzito kilitoka ndani, na katika karne ya 19 ndani hiyo ilikuwa sisi. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa na pembe. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilikatiza nchi hii ya kusini-mashariki ikishuka pwani, na waliofungwa minyororo hawakuwa watu wa pwani. Mgeni anayetazama nyumba za Kivinje zenye milango ya nakshi bila kuambiwa habari ya njia iliyokwenda bara ameona kibao cha duka tu.

Songa mbele kidogo. Mwaka 1906 injinia Mjerumani aliyeitwa Bernhard Sattler aliona mifupa mikubwa kwenye kilima cha Tendaguru, takribani kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Lindi mjini. Wenyeji walikuwa wanaijua mifupa hiyo, "kuiona" ni lugha ya vitabu. Kuanzia 1909 hadi 1913 Makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji mkubwa pale, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, kisha Hans Reck. Mamia ya vibarua wa Kiafrika walichimba, wakasafisha, wakafunga mifupa, halafu wapagazi wakaibeba kichwani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi Lindi, ambako ilipakiwa melini. Zaidi ya tani 200. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo ningependa kulisikia kwenye kila mhadhara wa kila meli inayopita pwani ya Lindi. Matokeo yake yamesimama Berlin: mjusi mkubwa anayeitwa Giraffatitan, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13, miongoni mwa mifupa mikubwa kabisa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani.

Sasa tafakari. Mjerumani au Mfaransa aliyepanda meli ya msafara huenda alimwona mnyama huyo akiwa mtoto wa shule. Meli yake inapita mbele ya ghuba ya Lindi, bandari ileile mifupa ilikopakiwa, na hakuna anayemwambia. Anaonyeshwa pomboo. Pomboo ni wazuri, sikatai. Lakini hadithi ya kumfanya mzee wa Berlin aache kikombe chake cha kahawa mezani tunayo, na tumeikalia.

Na sisi wa Nachingwea tuna ya kwetu, ya karanga. Baada ya Vita ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 ukapangwa mradi wa kulima karanga Tanganyika kwenye ekari zaidi ya milioni 3, katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ikaanza 1947. Nachingwea ilitegemewa sana, lakini haikuwa na reli wala bandari ya maana, kwa hiyo vikaanza kujengwa. Gati la muda likawekwa Mkwaya, ndani ya hori la Lindi, na reli ikapandishwa kutoka hapo hadi Nachingwea. Kwa bandari ya kudumu wakachagua Mtwara, kwa sababu ya kina chake cha asili. Matrekta yalikufa, mvua ikagoma, udongo ukawa mgumu kama saruji wakati wa kuvuna, na Januari 1951 mradi ukafutwa baada ya kula pauni zinazokaribia milioni 36. Bandari ya Mtwara ikafunguliwa 1954, miaka mitatu baada ya karanga zake kufa. Reli nayo haikudumu: mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa.

Nani amewahi kufundishwa hili shuleni kwa zaidi ya mistari miwili? Mimi nililikuta kwenye kitabu cha Mwingereza, maktaba, nikitafuta kitu kingine. Na bado hatujafika kwenye miaka ya FRELIMO, ambapo kuanzia katikati ya miaka ya 1960 wapigania uhuru wa Msumbiji walifunzwa Nachingwea, eneo ambalo hadi leo linaitwa Farm 17, jina lililoachwa na mashamba yale ya karanga. Samora Machel aliongoza pale. Mradi wa mkoloni uliokufa ukaacha ardhi iliyosafishwa, na ardhi hiyo ikafundishia jeshi lililomtoa mkoloni mwingine. Ukimsimulia mtu hilo usiku akiwa juu ya sitaha, taa za pwani zikionekana kwa mbali, hatalala mapema.

Wazazi wetu wenyewe ni sehemu ya historia ya bahari hii, ingawa ni watu wa bara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, masika barabara ya Kusini ilikuwa inakatika, na mtu wa Ruangwa aliyetaka kwenda Dar alishuka Lindi au Mtwara kupanda meli. Waulizeni habari za MV Canadian Spirit. Kila mwenye umri wa miaka hamsini hivi ana kisa cha kutapika.

Nani atasimulia

Turudi pale niliposema tutarudi: mteja ananunua maelezo. Basi swali la ajira katika biashara hii si la wapishi na wapagazi peke yake. Ni nani anasimama mbele ya ukumbi wa meli saa kumi na mbili jioni na picha zake ukutani, akiwaeleza wageni kesho wataona nini? Leo kwa sehemu kubwa ni mtaalamu kutoka nje, mara nyingi mtu makini kabisa, aliyechimba Songo Mnara kwa jembe lake. Simlaumu. Ila sisi tunaohitimu kila mwaka tukiwa na digrii za akiolojia na jiolojia, tukilia ajira hakuna, hatujawahi hata kuuliza hiyo nafasi inaombwaje.

Mahitaji yake si siri. Uwe na somo unalolijua kweli, si la kunakili usiku wa kuamkia mtihani. Uwe na lugha: Kiingereza ni lazima, na kwa meli hizi za Ufaransa, Kifaransa ni dhahabu. Wenzetu wa Kifaransa mnaodhani mwisho wenu ni kufundisha sekondari, hapa pana mlango. Uwe na mafunzo ya msingi ya usalama baharini, yanayofuata mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kinayatoa. Na ujue kuogelea, jamani. Nusu ya ukumbi wa mihadhara wakiambiwa waruke bwawani tutapoteza viongozi wote wa taifa.

Kwa mwongozaji wa nchi kavu masharti ni mepesi zaidi, na hapo ndipo bumu la mwaka wa pili na kipindi cha field vinaweza kufanya kazi. Kila mwaka kundi zima la utalii linakimbilia Arusha kwa field, linabanana kwenye ofisi zilezile, wengine wanaishia kupanga mafaili. Wachache wakienda Kilwa, wakakaa na waongozaji wa Kisiwani wanaojua kila jiwe lakini hawajaandika chochote, ripoti zao zingekuwa na kitu kipya. Mmoja aende Lindi akusanye simulizi za familia za wapagazi wa Tendaguru. Mwingine apande Nachingwea atembee tuta la reli ya zamani na wazee wanaolikumbuka, kabla hawajaondoka. Jiolojia waje Ruangwa kwa kinywe na miamba yake. Hizo ripoti nne ndizo mhadhara wa meli.

Kuna hoja ya upande wa pili, na nimeisikia kwa mwalimu mmoja ninayemheshimu: kwamba kuwauzia matajiri wa Ulaya hadithi ya wapagazi na watumwa ni kuigeuza machungu kuwa burudani. Ni hoja nzito. Jibu langu ni kwamba hadithi inauzwa tayari, ila toleo lake limeondolewa watu. Nikichagua kati ya magofu matupu na magofu yenye Boheti bin Amrani, nachagua ya pili, mradi asimulie mtu atakayemtaja kwa jina. Lakini nakubali kwamba kuna mambo kama ya makaburi na matambiko ambayo yakae kwetu, kama wale wa Kimberley walivyofunga maeneo yao.

Ratiba kwenye karatasi

Nilijaribu kuandika safari ya siku tatu, nikaishia kwenye tatizo ambalo nawaachia mlipige.

Siku ya kwanza Kilwa Kisiwani asubuhi kwa maji ya kujaa, na Kivinje alasiri. Kwa wageni ambao ni wapenzi wa bahari, mwongozaji asisahau kusema kwamba mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara walivua silikanti, samaki ambaye sayansi iliwahi kuamini alitoweka pamoja na dinosaria. Siku ya tatu Mikindani na Mtwara, bandari ya karanga. Hizo zote zinakaa pwani na hazina shida.

Shida ni siku ya pili, Lindi. Nataka wageni ishirini au thelathini tu, wanaojipendekeza wenyewe, wapande magari wapitie Mtama hadi Nanganga, kisha wapande Nachingwea kuona tuta la reli na Farm 17, wale chakula cha mchana kwa mama lishe wa pale, ming'oko na samaki wa kukausha, wanunue korosho kwa mbanguaji mwenyewe, na wakirudi wapitie Ruangwa. Kwa gari weka saa mbili na ushee kwenda na hizohizo, au zaidi, kurudi. Ongeza saa tatu za kukaa. Hiyo ni saa nane. Boti ya mpira imewashusha maji yakiwa juu asubuhi. Baada ya saa sita yamepwa, na baada ya saa nane ndiyo kwanza yanaanza kupanda. Meli nayo ilitakiwa iwe imeshang'oa nanga kuelekea Mikindani.

Kwa hiyo ama meli ilale Lindi usiku mmoja, ambapo kampuni itauliza inalipwa nini kwa usiku huo, ama wageni wa bara walale Nachingwea na kuungana na wenzao Mtwara kesho yake kwa barabara ya Masasi, ambapo tutahitaji vyumba thelathini safi vyenye maji ya uhakika. Mimi napendelea ya pili, kwa sababu pesa ya kulala inabaki juu. Nimeanza kuhesabu vyumba vya nyumba za wageni za Nachingwea mjini, na mwenye orodha ya Ruangwa anitafute kupitia ofisi ya gazeti hili.